Trekta Lililokula Mafungu Arobaini

Juzi nilikuwa Nyasubi kwa mwanangu, nimekaa barazani nachambua mchicha, na redio ya jirani ikawa inamhoji mtaalamu wa uchumi. Alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyekunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Alisema akili mnemba itaugeuza ubepari juu chini. Mashine zitafanya kazi za makarani, za walimu, za mawakili, na utajiri utamwagika kuliko wakati wowote tangu dunia iumbwe. Swali dogo lililobaki, akasema, ni namna ya kugawana. Hapo mtangazaji akamshukuru na kutuletea tangazo la sabuni.

Nilicheka mpaka mchicha ukamwagika. Mjukuu wangu, ambaye amesoma chuo na anaamini mimi nilizaliwa nikiwa bibi, akaniuliza nacheka nini na kama kweli nimeelewa wanachozungumza. Nikamwambia nimeelewa vizuri sana, kwa sababu nimewahi kukaa kikao kimoja na mashine, nikaigawia nyama kwa mdomo wangu mwenyewe, na mashine hiyo ikanipigia kura ya kunipinga. Akamtazama mama yake kwa jicho la kuuliza kama nimekunywa dawa zangu. Basi, kwa kuwa nyumbani hawaniamini, naandika hapa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla watu hawajakusanywa kwenye vijiji vya Ujamaa. Kwetu kulikuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini Kahama, kama baiskeli ilikuwa na breki. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nimerudi nyumbani kutoka kwa mume. Sababu za kurudi siziandiki, inatosha kusema kwamba yeye anazisimulia tofauti. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwa masista kule Ushirombo, na kwa hiyo nilijiona ndiye mwenye akili kuliko wote pale kijijini, jambo ambalo lingekuja kunitokea puani.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi ya kihenge akishusha mtama, goti likavimba na halikurudi tena. Msimu mmoja mzima shamba letu la pamba na mahindi lililala bila jembe. Kwetu shamba la marehemu likilala misimu miwili mfululizo, ukoo unalichukua na kumpa mwingine, na huyo mwingine alikuwa anajulikana: baba mdogo. Kila Jumapili baada ya misa alipita mpakani mwa shamba letu, akitembea kwa hatua ndefu zilizolingana, akapima. Wala hakujificha. Alikuwa akinisalimia, "Mwangaluka, ng'wanawane," yaani umeamkaje mwanangu, huku midomo yake ikiendelea kuhesabu.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja. Shamba likilimwa kabla mvua za kupandia hazijapita, ni letu. Lisipolimwa, ni lake, na mimi na mama tungebaki na nyumba, kihenge kitupu na goti. Mikono yangu miwili ingelima labda robo. Tegemeo letu lilikuwa kikundi.

Kikundi chetu cha kulima kilikuwa na majembe thelathini na mawili. Nasema majembe, sisemi watu, na sababu utaiona. Alfajiri ngoma inalia, mnajipanga mstari mmoja ukingoni mwa shamba la mwenye zamu, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na wale wenye madaha wanayarusha hewani, wanazunguka na kuyadaka kabla hayajagusa ardhi. Mimi sikuwa na madaha. Niliwahi kulirusha moja likamkosa mpiga ngoma kwa upana wa kiganja, nikaombwa niwe naimba tu. Kiongozi wetu, nsumba ntale kama tunavyomwita kwetu, alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole wa sauti, mwenye subira ya kuudhi. Alikuwa na uwezo wa kunyamaza mpaka wewe mwenyewe ukajisikia mjinga.

Zamu zilipangwa kwa kuchomoa vijiti mwanzoni mwa msimu. Nilichomoa cha mwisho kabisa. Sijawahi kubahatika kwenye kuchomoa kitu chochote maishani, hata mume.

Sheria ya kikundi ilikuwa nyepesi. Mwenye shamba anachinja, au anapika, kadiri ya uwezo wake, na jioni chakula kinapangwa mafungu juu ya matawi mabichi. Kila jembe lililoingia shambani siku ile lina fungu lake. Fungu ni la jembe. Ukiwa mgonjwa, au umejifungua, unalituma jembe lako kwa mkono wa ndugu, naye anakuletea fungu nyumbani. Kwenye kikao vilevile: mkitofautiana, kila jembe linalazwa kulia au kushoto, jembe moja sauti moja. Na jembe lililokula fungu ni lazima lizunguke mashamba yote mpaka duru iishe, la sivyo mwenyewe anatoa mbuzi. Ilikuwa sheria nzuri. Iliwalisha wazazi na wagonjwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuiuliza swali, kwa sababu nyuma ya kila jembe alikuwapo mtu mmoja na tumbo lake.

Sasa katika wanachama wetu kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amekwenda Maganzo kuchimba almasi na akaokota jiwe. Ukubwa wa jiwe lenyewe ulitegemea nani anasimulia. Wengine walisema ni kama punje ya choroko, wengine kama jicho la mbuzi, na yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa anacheka na kutazama juu. Tunachojua ni kwamba alirudi na viatu vya ngozi, na miezi michache baadaye akaenda Kahama kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiacha kilimo cha pamba, akarudi amekaa juu ya trekta kuukuu jekundu, ameshikilia kofia. Aliyeliendesha alikuwa kijana Mzinza kutoka upande wa Geita, ambaye zamani aliendesha mashine ya kusaga mawe kwenye mgodi wa dhahabu mpaka mgodi ule ulipofungwa. Mzee alimpa posho ya unga na mahali pa kulala, pembeni ya trekta.

Siku ya zamu ya mzee tulifika alfajiri na ngoma yetu, tukalikuta trekta limeshaingia shambani. Mzee alikuwa amekusudia tulione. Kufikia jua la utosi lilikuwa limegeuza ardhi ambayo sisi tungeimaliza kesho yake jioni. Mpiga ngoma wetu alijaribu kuufuata ule mdundo wa injini, akashindwa, akaweka ngoma chini na kuanza kula karanga. Sisi tulilima kipande chetu pembeni kwa aibu, tunaimba wimbo ambao hakuna aliyeusikia.

Jioni fahali alichinjwa, nyama ikapangwa. Mafungu thelathini na mawili. Tulipokaribia, mzee akainua fimbo yake.

"Na jembe langu kubwa je?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema limeingia shambani, limelima, kila mtu ameona, na sheria inasema jembe lililoingia lina fungu. Ubishi ukaanza. Mmoja akasema lile plau lina diski tatu, basi lipewe mafungu matatu na yaishe. Mwingine akasema halikutoka jasho. Mzee mwingine, ambaye alikuwa mtaalamu wa kila kitu, akasema limetoka jasho sana, yeye ameona mvuke wa rejeta, tena limekunywa ndoo mbili za maji.

"Wewe umekunywa ndoo ngapi leo?" akamuuliza yule aliyesema halikutoka jasho.

Hapo ndipo elimu yangu ya masista ilipopanda kichwani. Nilifikiri haraka: trekta likila, limekuwa mwanachama. Likiwa mwanachama, lazima lizunguke. Likizunguka, litafika kwa mama. Na likila sana, litabanwa sana. Nikasimama mbele ya wanaume na wanawake wakubwa kuliko mimi, nikasema kwa sauti kavu, "Limefanya kazi ya majembe arobaini. Lipewe mafungu arobaini. Sheria ni sheria."

Mwanamke mmoja aliniuliza kama nimeumwa na kitu. Nilimkonyeza nsumba ntale, naye akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mzee. Akamuuliza kwa upole wake ule kama anakubali kwamba anayekula fungu huzunguka na wenzake mpaka mwisho wa duru.

"Nakubali," akasema mzee. Angekataaje? Alikuwa anarudishiwa fahali wake mwenyewe.

Nyama ikakatwa upya, mafungu sabini na mawili. Fungu langu lilikuwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba na ngozi yenye manyoya. Njiani watu walinisema wazi, hawakusubiri nifike mbali. Mimi nilikuwa natembea kifua mbele. Nilifika nyumbani nikamwambia mama trekta litakuja kwetu, shamba zima litalimwa asubuhi moja, na baba mdogo akapime mpaka wa mbinguni. Mama alikuwa anakanda goti lake kwa maji ya moto. Akasema, "Wabeja," yaani asante, kisha akasema kwamba ataamini akilisikia.

Juma la pili ukaitwa mkutano. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa ziwa, na kila mtu alikuwa na haraka. Mzee akaja na trekta mpaka kikaoni. Akasema, kwa heshima zote, kwamba si vizuri jembe kubwa lianze na vishamba vidogo vya bondeni wakati mashamba makubwa yanasubiri. Akapendekeza zamu zipangwe upya: makubwa kwanza, na katikati waingizwe watu wa nje walioomba, hata wa kule Nyahanga, kwa makubaliano atakayofanya yeye. Vidogo mwisho.

Tukapiga kelele. Nsumba ntale akasema tulaze majembe. Tukalaza. Majembe thelathini na moja yakaenda kushoto, likabaki moja la mzee peke yake upande wa kulia. Tukaanza kushangilia. Mzee akageuka, akampungia mkono dereva. Kijana akapanda, akawasha injini, akalisogeza trekta hatua mbili upande wa kulia, akazima.

"Arobaini na moja," akasema mzee.

Nilimtazama nsumba ntale nikitaraji aseme kitu. Alinyamaza kile kimya chake, kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, akanirudishia maneno yangu bila kuyaongezea chumvi: "Sheria ni sheria." Sijawahi kuchukia sauti ya upole kiasi kile.

Naomba nisimame hapa kidogo nimjibu yule mtaalamu wa redio, kwa kuwa yeye hatanipigia simu. Anadhani kugawana kutafikiriwa baadaye, watu wakishashiba. Mimi nilikuwapo. Kugawana hufanyika siku ileile ya kwanza, jioni, watu wakiwa wamechoka na wanashangaa injini, na anayesimama kusema ni mtu mmoja mwenye darasa la nane anayejiona mjanja. Ukishakubali kwamba chuma kinahesabiwa badala ya watu, hakiishii kwenye nyama. Kitakaa kikaoni. Kitapiga kura. Na wala si chuma kinachopiga, maskini, kile hakina habari. Mjukuu wangu ananieleza kwamba hizi mashine za sasa zimelishwa kwanza maandishi ya watu wote, barua zao, vitabu vyao, hata matusi yao ya mtandaoni, ndipo zikapata akili. Basi trekta letu lilikuwa na adabu kuliko hizo, maana lenyewe lilianza kulima ndipo likala.

Tuendelee. Trekta lilishika ladha ya vikao. Kwenye mkutano uliofuata lilisogea hatua mbili kulia, na kuanzia siku hiyo jembe lililotumwa kwa mkono wa ndugu halikuwa na fungu tena, kwa sababu, alisema mzee, linachelewesha mstari. Mwanamke aliyekuwa amejifungua siku nne kabla akarudishiwa jembe lake bila kitu. Mkutano mwingine likasogea tena, na ngoma ikafutwa, kwa kuwa mwanachama mwenye sauti nyingi hasikii. Mpiga ngoma alilia. Nilimcheka wakati ule, na mpaka leo najuta kidogo, siyo sana.

Nisiseme uongo lakini. Wapo ambao trekta lile liliwaokoa migongo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kifua kibovu, mashamba yake mawili yalilimwa akiwa amekaa kwenye kigoda anavuta tumbaku, na alilisifu mpaka likawa linakera. Watu walianza kukaa nyumbani asubuhi. Wengine wakasema hatimaye dunia imefika kwetu. Na dereva kila siku alikuwa anapita barabarani, vumbi mpaka kwenye kope, anakwenda kwenye shamba la mtu fulani mkubwa, siku yetu haifiki. Nilimchukia yule kijana. Nilimchukia kuliko mzee, kwa kuwa yeye ndiye niliyekuwa namwona.

Mvua ikaanza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Jirani zetu walipanda. Mahindi yao yakatoa masikio mawili ya kijani, na shamba letu likatoa magugu. Jumapili baba mdogo alipita akiwa na mwavuli, na safari hii alikuwa na kamba. Aliifunga kwenye mti wa mpakani, akaivuta, akatazama, akaikunja taratibu na kuiweka mfukoni. Mama alikuwa mlangoni anamwona. Aliingia ndani akakaa kitandani akiwa ameupa mlango mgongo. Hapo nilielewa kwamba siyo kikao tu nilichokipoteza. Nilikuwa karibu kumpotezea mama shamba la mume wake kwa ajili ya kutaka kuonekana na akili.

Nilimfuata nsumba ntale zizini kwake. Alikuwa anakamua, akaniacha nisimame kwenye matope mpaka maziwa ya ng'ombe yakaisha. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia yote, ukonyezaji wangu, hesabu zangu, kamba ya baba mdogo. Nikamwomba tuitishe kikao tuondoe yale mafungu arobaini.

"Nani atakayepiga kura kuyaondoa?" akaniuliza.

Nikahesabu kichwani. Thelathini na moja kushoto. Arobaini na moja kulia.

"Hatuwezi kulishinda kwa kura," akasema. "Lakini linaweza kubaki na kikundi peke yake. Tumwachie mzee jina na vikao vyote. Sisi tukalime kwa mama yako."

"Tutakuwa wangapi?"

"Nitapita nyumba kwa nyumba nikuambie."

Alipita siku mbili katika mvua. Kumi na tisa walikubali, mimi nikiwemo. Kumi na wawili walikataa, na siwalaumu. Walikuwa wameshaahidiwa siku zao za trekta, na wana watoto. Bwana mwenye kifua kibovu aliniletea mahindi ya mbegu na kuniomba nisimwambie mtu.

Tulianza kabla jua halijatoka. Udongo wa kwetu ni ule mweusi wa mbuga, ukinyeshewa unashika jembe na kulikatalia. Mpiga ngoma alikuja na ngoma yake imefunikwa kwa ngozi, akapiga kwa kulipiza kisasi. Nilimsamehe yote na natumaini yeye alinisamehe. Baba mdogo akaja mapema, akasimama mpakani chini ya mwavuli wake, akingoja tuchoke. Mstari wetu ulikuwa mfupi. Nilitazama shamba, nikatazama mstari, nikajua hatutamaliza.

Jua lilipokuwa linapanda, dereva wa trekta akatokea kwa miguu. Trekta lilikuwa limezama kwenye tope bondeni tangu jana yake, mpaka juu ya ekseli, na mzee alikuwa amekwenda Kahama kutafuta mnyororo wa kulivutia. Kijana alikuwa amekaa analilinda, akasikia ngoma.

"Shikamoo mama," akamwamkia mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda ukingoni, mguu ameunyoosha.

"Marahaba."

Akauliza kama kuna jembe. Nikamwambia hakuna, arudi kwenye tope lake. Mama akanyoosha mkono ukutani mwa nyumba nyuma yake, akatungua jembe lake mwenyewe, lile ambalo halikuwa limeshuka tangu alipoanguka, akampa.

Alilima vibaya mno. Sijawahi kuona mtu mzima anayelima vile. Alikuwa anainua jembe wakati wenzake wanalishusha, analigonga jiwe ambalo kila mtu amelikwepa, na kabla ya saa sita viganja vyake, vilivyozoea usukani, vilikuwa vimechubuka vikatoa damu kwenye mpini. Tulimcheka wote, hata nsumba ntale alicheka, kwa heshima. Hakuacha. Na mstari ulikuwa umerefuka kwa mtu mmoja, na mtu mmoja kwenye mbuga iliyolowa si mchezo. Jua likielekea magharibi tulifika kwenye mti wa mpakani. Baba mdogo alikuwa amesimama pale pale, ilibidi asogee ili tulime alipokanyaga. Akafunga mwavuli wake, akaondoka bila kuaga.

Shamba lilikuwa letu. Nilikaa chini kwenye tope nikalia, sikujali nani ananiona.

Mama alikuwa na mbuzi mmoja tu, na ndiye aliyechinjwa. Nyama ikapangwa juu ya matawi kama ilivyokuwa desturi, sheria ya zamani, mafungu ishirini: kumi na tisa yetu, na moja la jembe la mama, kwa kuwa liliingia shambani. Kila mtu akaenda na jembe lake kulisimamia fungu lake. Kijana alilifuta jembe la mama kwa majani mpaka likang'aa, akaliweka taratibu kando ya fungu la jembe hilo, kisha akaenda kukaa peke yake chini ya kihenge na kuanza kufunga viganja vyake kwa kitambaa. Hakuna aliyemwita. Hata mimi sikumwita. Aliijua sheria yetu, alikuwa ameshaiona ikifanya kazi akiwa juu ya trekta, na ilikuwa dhahiri hakutarajia chochote.

Mama akajivuta mpaka pale kwenye matawi. Akauliza jembe lake limelazwa wapi, nikamwonyesha. Akaliokota fungu, akamwita kijana aje. Kijana akaja, akasimama.

"Chukua."

"Jembe ni lako, mama."

"Nani alikuwa amelishika?"

Mama akamwekea nyama mikononi, juu ya vitambaa, akamwambia akae ale hapo hapo watu wanamwona. Akakaa, akala. Mama akarudi kwenye kigoda chake bila kitu, siku aliyochinja mbuzi wake wa pekee, mbele ya shamba lake mwenyewe.

Mimi nilikasirika. Nilimfuata nikamwambia kwa sauti ya chini lakini ya ukali kwamba huyu ndiye aliyekuwa akilisogeza trekta hatua mbili, huyu huyu, kila kikao, na sasa anakula fungu la mjane mwenye goti bovu.

Mama aliniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ng'wanawane," akasema, "wewe ulipopewa nafasi ya kugawa, ulikigawia chuma. Mimi nimemgawia mtu. Nenda kale fungu lako, linapoa."

Nilikwenda nikakaa karibu na yule kijana, kwa kuwa nafasi nyingine haikuwapo. Nilikata nusu ya fungu langu nikampelekea mama, mama akakataa kuipokea, nikarudi nayo nimeishika mkononi mbele ya watu wote.